Juu ya Nyekundu

Katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, kaka mtu na mdogo wake wa kike walitengeneza programu. Kaka ndiye aliyekuwa bosi, maana kiti chenye magurudumu kilikuwa chake. Ndiye pia aliyekipanga kihariri wanachoandikia msimbo, ili programu ikigoma kujengwa, kipige mstari mwekundu penye kosa. Kazi safi kabisa! Ila mtambo wa kujenga programu ulihesabu mistari kuanzia moja, na kaka alikiambia kihariri kianzie sifuri. Basi nyekundu ikawa inatua mstari mmoja chini ya kosa, kwa uaminifu mkubwa.

"Sasa kosa liko wapi?" mdogo aliuliza siku yake ya kwanza.

"Angalia juu ya nyekundu. Hapa ndivyo tunavyofanya kazi."

Kubadilisha tarakimu moja kungemchosha, masikini.

Asubuhi hiyo mfamasia alikuwa anakuja kuona programu yake ya kuchapa lebo za dawa. Isipofanya kazi leo, alishasema, anahamia kwa wengine. Mdogo akafungua mipangilio ya kihariri, akaweka moja badala ya sifuri. Alitaka kumwambia kaka, lakini kaka alikuwa kwenye simu akijisifu, na yeye kukatiza watu hajui.

Mfamasia akafika, akaketi. Kaka akajenga. Programu ikagoma, nyekundu ikatua.

"Kidogo tu, mama." Kwa madaha ya bingwa, kaka akapanda mstari mmoja, akaufuta. Ulikuwa mzima wa afya. Akajenga tena. Makosa yakawa manne.

"Kaka..."

"Subiri, wakubwa wako kazini." Akafuta na wa juu yake. Skrini ikawaka nyekundu tupu.

"Hii ni programu au upele?" mfamasia akauliza, akichukua mkoba wake.

Mdogo akauona ule mkoba. "Kaka, acha kufuta! Kosa liko palepale penye nyekundu. Nimekirekebisha kihariri."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Akavuta kibodi, akarudisha mistari iliyofutwa, akafunga mabano yaliyosahauliwa. Lebo ikatoka. Mfamasia akaisoma mara mbili.

"Nachukua. Ila nikikwama, nampigia huyu binti."

Mgeni alipoondoka tu, kaka akafungua mipangilio.

"Unafanya nini?"

"Narudisha sifuri. Watu wameshazoea."

"Watu gani, kaka? Tuko wawili."

Kaka akafikiri sana. "Basi, mimi nimeshazoea."

Mdogo akavuta kibodi upande wake kabla sifuri haijaandikwa. Akaendelea na kazi.