Mstari Mmoja wa Jina

…na hapo mstari wa nne wa mkataba wameandika "kwa hiari yangu", hiari imekolezwa wino, Awuor akashika kalamu asiandike, maana hiari gani hii ya kupanga foleni juani nje ya ghala la chupa, Dandora, "Sign basi, madam, wengine wanangoja," akasema Wahome, anayenunua plastiki yao, "hakuna mtu amelazimishwa hapa, hutaki unaacha," unaacha uende wapi, angemuuliza, lakini si yeye mwenyewe aliandika hivyohivyo chuoni, kurasa kumi na mbili, kwamba chini ya ubepari mfanyakazi huchagua na chini ya ujamaa huchaguliwa la kufanya, mhadhiri akampa A na swali pembeni kwa wino mwekundu, kuchagua kati ya nini na nini?… aliitazama ile A tu… na digrii ikamleta hapa kuchambua chupa na akina mama kumi na mmoja waliokuwa wakimwaga zote kwenye lundo moja na kugawana sawa, hata Tiffany aliyefika saa nne na kucha zake mpya, hilo ndilo lililomkera, kwa hiyo ni yeye, katibu wao, aliyesimama mkutanoni akasema kila mtu apime gunia lake, ndiyo haki, wakampigia makofi, Teresiah naye alipiga, Teresiah, bibi mzee wa magoti mabovu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini na kung'oa vifuniko vya chupa za wote, na vifuniko havijazi gunia, mbona hilo hakuliona, yeye anayeona hata koma iliyokosekana… Wahome akaona lundo limevunjika, akaja na karatasi kumi na mbili badala ya moja, na kifungu cha saba, mnunuzi anaweza kukataa mzigo wa yeyote bila kutoa sababu, zamani angekataa lundo zima akose plastiki, sasa… "Mwalimu," Teresiah akamgusa bega kutoka nyuma, humwita hivyo tangu siku ya kwanza, "hebu nisomee hiyo ya saba, macho yangu leo hayataki," "Ni mambo ya kawaida tu, shosh," Wahome akadakia, "Wewe sijakuuliza, kijana," asome, wote wasikie, karatasi yake ichanwe, au anyamaze aandike… lundo lilimbeba Tiffany, ndiyo, na lilimlisha Teresiah, yote mawili ni kweli na insha yake haikuwa na mahali pa kuyaweka… "Madam," Wahome tena, jua lilelile, kalamu ileile, na mstari wa jina ni mmoja, mfupi, ila chini yake wameacha nafasi nyeupe, upana wa vidole vinne, na Awuor akajikuta akipima, kwa mwandiko mdogo, yanaweza kuingia majina mangapi ya wenzake.