Mashine Inamsubiri Mgeni Rasmi

Mashine ya upasuaji wa matundu madogo ilikaa mwaka na miezi miwili kwenye chumba chetu cha upasuaji, imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya biharusi. Ni marufuku kuigusa, alisema Mkurugenzi wa hospitali, mpaka mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni rasmi akawa na udhuru. Akawa na udhuru tena. Mimi, muuguzi wa chumba hicho, nilipewa kazi ya kuifuta vumbi, na kila nikiifuta, hasira zilinipanda.

Maana kulikuwa na mtoto. Korodani yake moja haikushuka. Ilibaki tumboni, na ilibidi kamera ya mashine ile iingie kuitafuta ili ishushwe. Tulimpangia siku ya uzinduzi mara tatu. Mara tatu alishinda njaa, mara tatu akarudishwa nyumbani hajaguswa. Wauguzi tukampachika jina Mwenyeji. Daktari alishamwambia Mkurugenzi mbele yangu kwamba joto la tumboni linaiharibu korodani ile polepole. Mkurugenzi akajibu kwamba itifaki ni itifaki.

Mara ya nne mtoto alikuwa ametimiza miaka sita. Angekuwa mgonjwa wa kwanza, apigwe picha na wakubwa. Vyombo nimeshavitakasa, viti vimepangwa, maua yamewekwa. Simu ikaingia: mgeni haji, labda mwezi ujao. Nikatoka nje nikamkuta Mwenyeji kwenye benchi, amelalia paja la mama yake.

"Sista, ndiyo turudi tena?" mama akauliza. Wala hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Nikarudi ndani, nikachukua mkasi, nikaukata ule utepe. Daktari akaniangalia, kisha akaenda kunawa mikono.

Matundu matatu tu, hayazidi kifungo cha shati. Kamera ikaingia, na kwenye skrini tukaiona: imesinyaa, imebaki kama punje ya dengu. Daktari akasema haina uhai tena, hakuna cha kushusha. Akaitoa.

"Ingekuwa mwaka jana?" nikamuuliza.

"Sijui, sista. Na sitajua kamwe. Ile nyingine ni nzima, itamtosha. Lakini usiniulize tena."

Nilikuwa nimeshika kichupa chenye ile korodani, cha kupeleka maabara, Mkurugenzi alipotokea mlangoni. Kipande cha utepe kiko mkononi, amefura kwa hasira. Eti yeye ndiye mwenye hasira.

"Nani amekata hii? Unajua umeniaibisha kiasi gani?"

Nikamwekea kichupa kiganjani, juu ya utepe wake.

"Mama yake yuko pale kwenye benchi," nikamwambia. "Nenda kamweleze tulikuwa tunamsubiri nani."