Daktari wa Sikio Langu

Tangu Ndindi apate skolashipu ya wafadhili wakubwa, hakuna mtu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaani Huruma aliyemwita kwa jina. Picha yake ilitoka gazetini, amesimama na watoto wachache waliochaguliwa nchi nzima, na kuanzia siku hiyo mdogo wangu akawa Daktari. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza.

Akija likizo, wanawake walimpisha kwenye foleni ya maji mferejini.

"Daktari, pita mbele," Mama Tiffany, jirani yetu, alimwambia huku akisukuma mtungi wake kando. "Na usije ukasahau haya magoti yangu."

Magoti ya Mama Tiffany yangengoja. Sikio langu la kushoto ndilo lingekuwa la kwanza.

Lilianza kutoa usaha nikiwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa akiniita nisisikie, darasa likacheka, mpaka nikaona afadhali nibaki nyumbani nifue nguo za watu. Ndindi aliahidi kuliponya. Tukicheza, alikunja karatasi kama bomba akachungulia ndani. Alipokwenda shule ya bweni akaacha.

"Nitaangalia nikishajua ninachoangalia," alisema.

Nikangoja. Miaka yote hiyo alitembea upande wangu wa kulia bila kuambiwa.

Mtihani wa kidato cha nne alipita vizuri, lakini hakupata A kamili.

"Si una skolashipu?" nikamuuliza tukianika nguo. "Hawataiangalia?"

"Inalipa karo, Wavinya. Kuchaguliwa kusomea udaktari ni alama za mtihani."

"Hata kama skolashipu yenyewe ina jina kubwa hivyo?"

"Hata kama."

Mama Tiffany akacheka kutoka mlangoni kwake. "Wacha kututisha, wewe! Watu wakubwa kama wale wakusomeshe, halafu ukose nafasi? Nani atathubutu kukunyima?"

Nilimwamini Mama Tiffany. Nilitaka sana kumwamini.

Ujumbe wa kuchaguliwa chuo uliingia kwenye simu mchana mmoja. Ndindi aliusoma amesimama, akausoma tena, kisha akanipa nijionee. Alikuwa amepewa nafasi ya kusomea mambo ya udongo na kilimo, chuo cha mbali. Skolashipu ingelipa hiyo pia. Akachukua mtungi akateremka ngazi, nami nikamfuata.

"Daktari, pita mbele!" Mama Tiffany akaita tulipofika mferejini.

Ndindi akauweka mtungi wake nyuma ya mingine yote. "Naitwa Ndindi."

Mama Tiffany akanitazama mimi, kana kwamba ningeeleza. Nikatazama maji. Alipoelewa, alisogeza mtungi wake taratibu.

"Haya, Ndindi," akasema. "Pita mbele."

Ndindi hakupita. Tulingoja zamu yetu.

Tuliporudi nyumbani niliketi kitandani, nikavua kitambaa cha kichwa, nikamgeuzia upande wa kushoto.

"Niangalie."

"Wavinya, mimi sitakuwa..."

"Najua. Niangalie tu."

Akawasha tochi ya simu. Akanishika kidevu kwa mkono uliokuwa bado na maji ya mfereji. Nilihisi pumzi yake shingoni.

"Unaona nini?"

"Sikio," akasema kwa sauti kubwa ili nimsikie.

Tukacheka. Kisha kicheko kikaisha, na yeye hakuzima tochi. Nami sikugeuza kichwa.