Lunes ya Mwalimu Zegarra

Lori la viazi hutoka mjini Jumatatu usiku, na Mwalimu Zegarra hupanda nalo. Kwa hiyo huku kwetu milimani shule hufunguliwa Jumanne, wala hatukuona ajabu. Akishuka tu, anakung'uta vumbi na kuwaimbisha watoto siku za Kihispania kuanzia Jumatatu: lunes, martes, miércoles, mpaka mwisho. Hakuwaambia leo ni ipi. Watoto wakajiamulia wenyewe: siku anayofika mwalimu ndiyo lunes.

Nyumbani kwetu Kihispania anakijua binti yangu Saturnina peke yake. Mimi na mama yangu, Fortunata, tunakijua Kikechua chetu, na siku tunahesabu kuanzia gulio.

Gari la kipaza sauti lilipita gulioni likipiga kelele. Nikamvuta Saturnina. "Linasemaje?"

"Madaktari wa macho wanakuja mjini, mama. Bure. Siku moja tu, miércoles. Halafu mpaka mwakani."

"Miércoles ndiyo lini?"

"Siku ya tatu ya mwalimu," akajibu, kifua mbele.

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, la pili linaona vivuli tu. "Nikipona," alikuwa akisema, "nitamwangalia huyu mjukuu kwanza. Mara ya mwisho nilimwona na meno ya utotoni."

Siku ya tatu ya mwalimu tuliteremka alfajiri, bibi ameshika shali yangu, mjukuu mbele akitaja mawe na mashimo. Geti la zahanati ya mjini lilikuwa wazi. Ndani mlinzi anafagia pamba.

Saturnina akamsalimia Kihispania, vizuri kabisa. Mlinzi akacheka. Alikijua Kikechua, akanigeukia mimi.

"Mama, miércoles ilikuwa jana. Au huko kwenu juu ndiyo kwanza inafika?"

"Nani kasema jana?"

"Dunia nzima, mama! Leo Alhamisi. Wameshaondoka."

Nilimwomba. Nikamwomba tena, kama vile yeye ndiye anayefunga na kufungua siku. Akaegemeza ufagio, akamtazama mama yangu, akaacha kucheka. "Mwakani, bibi," akasema. Angefanya nini?

Nilipanda shuleni moja kwa moja. Mwalimu alinisikiliza, akakaa kwenye dawati la watoto.

"Lori ni moja, mama," akasema kwa Kikechua. "Linaondoka Jumatatu usiku. Hata nifanyeje, nitafika Jumanne." Kisha akaongeza, polepole, "Sikuwahi kuwaambia leo ni siku gani. Sikufikiria."

Nilikuja kumtukana, nikakosa hata la kumtukania. Nilichukia lori, nikachukia wimbo, nikaichukia zaidi ile furaha yangu siku ya gulio, kwamba mwanangu anajua.

Jioni mama yangu alikaa jikoni akimenya viazi kwa vidole. Mwakani hata vivuli vingekuwa vimekwisha, yeye mwenyewe alishaniambia. Lakini alikuwa anamhangaikia mjukuu, aliyejikunyata kando ya moto tangu turudi.

"Njoo uniimbie zile siku, mwanangu. Unaziimba vizuri. Utaimba?"

Saturnina alitikisa kichwa, machozi yakidondoka.

Bibi yake akakigeuzia uso kile kivuli kando ya moto, kiazi mkononi, akaendelea kungoja jibu.