Taa za Ndani ya Gari la Kornelio

Kornelio alilirudisha gari kwa Tluway kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Gari lilikuwa la kampuni ya utalii, lakini yeye ndiye aliyeliendesha miaka tisa mfululizo, akipandisha wageni kutoka Karatu kwenda Ngorongoro, na hakuna dereva mwingine aliyethubutu kuligusa bila kumwomba.

“Shikamoo mzee,” alisema Tluway, fundi umeme wa magari, akijifuta mikono. “Taa zimezingua tena?”

“Marahaba. Ndani kuna giza, bwana. Alfajiri najikuta napapasa tundu la ufunguo kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake.”

Mara ya kwanza Tluway alikuwa amebadilisha balbu ya darini. Mara ya pili alibandika mkanda wa taa nyeupe chini ya dashibodi, akazungushia tundu la ufunguo taa ndogo ya kijani. Madereva wengine walicheka, wakasema gari limegeuka baa. Sasa alipima waya mmoja mmoja, akaangalia fyuzi, kisha akafunga milango ya gereji ili giza liingie.

“Kaa kwenye usukani, mzee. Washa.”

Kornelio alinyoosha ufunguo. Ncha ikagonga plastiki, ikateleza, ikagonga tena.

“Umeona? Ongeza taa nyingine hapa.”

Tluway aliinama akachungulia dirishani. Aliposema, alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. “Mzee, zote zinawaka. Mimi nimesimama huku nje, naona hadi vumbi kwenye pedeli.”

Kornelio alishuka akabamiza mlango. “Basi nitatafuta fundi mwingine.”

Hakumtafuta. Moyoni alikuwa amejua kwa muda mrefu. Alikuwa amekwangua gari kwenye nguzo ya geti nyumbani kwake, akamsingizia aliyeijenga. Mkewe Ritha alikuwa ameacha kumuuliza kwa nini anamimina chai nje ya kikombe. Lakini dereva wa miaka hamsini na sita asiyeona vizuri, akishalisema hilo kwa mdomo wake, anabaki kuwa nani?

Siku nne baadaye alipewa wageni wanne: bibi mmoja, binti yake, na wajukuu wawili wa kike. Walishinda ndani ya kreta, wakamwona faru kwa mbali, na jioni walipopanda hadi ukingoni bibi akaomba wasimame apige picha ya mwisho. Ukungu ukashuka hapo hapo, na mwanga ukaondoka nao.

Kornelio alitangulia kuingia garini. Mkanda wa taa ukawaka, kwake ukawa kama maziwa yaliyomwagika. Hata hivyo ufunguo uliingia mara moja, maana vidole vilikuwa vimeshajifunza njia. Akasikia milango ya nyuma ikifungwa. Akakanyaga klachi, tayari kurudi nyuma, na mazoea yakamgeuza kichwa kutazama dirishani.

Mjukuu mdogo alikuwa ameinama pale, karibu kabisa na gurudumu, akifunga kamba ya kiatu.

Hakuwa amemwona hadi alipomtazama moja kwa moja. Si kwenye kioo, si kwa pembe ya jicho. Mahali alipokuwa mtoto, kwa Kornelio hapakuwa na kitu.

Alichomoa ufunguo. Akaufumbata kiganjani. Mtoto aliingia, akafunga mlango, na bibi akauliza kama kuna tatizo.

“Gari halina tatizo, mama,” alimjibu kwa Kiingereza chake cha kazini. “Macho yangu ndiyo yamechoka. Sitawaendesha kwenye kona hizi.”

Eliud, dereva aliyejifunzia kazi mikononi mwake, alikuwa bado hapo ukingoni na gari lake na wageni wawili. Alikuja mbio. “Limekufa, mzee?”

“Ni zima. Mimi ndiye siwezi.” Akampa ufunguo. “Nichukulie watu wangu.”

Eliud aliutia mfukoni, akawafungulia wageni milango ya gari lake. Waliteremka wote humo, Kornelio kiti cha mbele. Lile lingine lilifuatwa kesho yake.

Hospitalini daktari alimwambia ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki dawa inaweza kukilinda, akiitumia kila siku ya maisha yake. Ritha hakulia. Aliuliza ni matone mangapi na saa ngapi, akaandika kwenye simu. Njiani kurudi ndipo alipomshika mume wake mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani.

Kampuni ilimhamishia kwenye kuwafundisha waongozaji wapya wa watalii. Siku ya kwanza aliwakusanya madereva uani, akawaeleza yote, pamoja na habari ya yule mtoto. Kisha akawaambia wakapime macho. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki ile watatu walikwenda kupimwa. Eliud na mwenzake walikuwa salama. Wa tatu, Sairowua, mtu wa kijiji cha Ololosokwan ambaye hajafika hata miaka arobaini, alikutwa na ugonjwa uleule, ukiwa bado mchanga. Alikuja nyumbani kwa Kornelio Jumapili baada ya ibada, na karatasi ya daktari mfukoni. Ritha akawawekea chai, akawaacha. Sairowua akaikunjua karatasi mezani, na Kornelio akamwonyesha chupa yake ya matone, akamweleza ni mangapi na saa ngapi.