Mafuta Yaliyochujwa

Selestina alinawa mikono mara tatu kabla ya kumgusa mjukuu wake. Mara ya kwanza kwa majivu, ya pili kwa sabuni ya mche, ya tatu kwa ndimu. Kisha alinusa vidole kimoja kimoja, hadi kidole gumba, akarudia mkono wa kushoto kwa sababu ndio unaoshika samaki wakati wa kulia unakata.

"Mama Sara, utajichuna," Flora alimwambia kutoka upande wa pili wa ua, akiwa amechuchumaa mbele ya jiko lake. "Mwisho itatokea ngozi ya chini, watu waanze kuuliza huyu mzungu amehamia lini Makoko."

"Acha masihara. Mtoto ni wa watu."

"Wa watu gani? Si mjukuu wako?"

"Wa Sara. Mimi nimeazimwa."

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Gati, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa kizingitini akimsubiri bibi yake amalize. Alikwishajifunza kusubiri.

Kwa miaka kumi na tisa Selestina alikuwa akikaanga samaki karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiwauzia wavuvi na wafanyakazi wa mjini wanaokuja kula mchana. Sato mzima, sangara wa vipande. Biashara hiyo ilimsomesha Sara, mwanawe wa pekee, mpaka akawa mwalimu huko Bunda. Kisha Sara akamzaa Gati, na Gati hawezi kula samaki. Si kwamba hampendi. Akila kipande kidogo tu, midomo inavimba na ngozi inatoka mabaka. Na mara moja, alipokuwa na miaka miwili, koo lilianza kuziba. Hilo lilitokea hapahapa, katika nyumba ya Selestina, kwa dagaa waliokuwa ndani ya mchuzi. Tangu hapo Sara hakumleta tena mtoto kulala.

Sasa Sara alikuwa amepata nafasi ya masomo ya miezi mitatu Dodoma, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Alimleta Jumapili kwa majaribio ya wiki mbili. Zikipita salama, ataondoka. Zisipopita, nafasi itakwenda kwa mwingine. Alileta pia sufuria mpya, mwiko mpya, chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa, dawa ya maji ya kupunguza mwasho, na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Umeelewa, mama?"

"Nimekuzaa wewe. Karatasi ndiyo itanishinda?"

Haikumshinda. Kumlisha mtoto bila samaki kando ya ziwa ni gharama, kwa kuwa dagaa ndiye kitoweo cha kila mtu asiye na pesa, lakini Selestina alilipanga jambo hilo kama anavyopanga matumizi ya mkaa. Maharage aliyaloweka usiku kucha ili yaive upesi. Majani ya maboga aliyachuma nyuma ya nyumba. Mahindi aliyapeleka mashineni mwenyewe, akasimama pale hadi yakasagwa. Hakupika vyungu viwili. Alikula alichokula Gati, na samaki hakuingia ndani ya nyumba hata kwa harufu. Jumatatu hadi Jumatano hakwenda kazini kabisa, maana Flora, ambaye ndiye angebaki na mtoto, alikuwa msibani Butiama. Siku tatu zilipita bila hata kipele kimoja. Alhamisi Flora alikuwa amerudi, na Selestina aliwasha tena karai lake mwaloni.

Alipomaliza kuuza mchana huo, alifanya anavyofanya kila siku ya kazi, kama wakaangaji wenzake wote wa pale. Aliyaacha mafuta yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe hadi halikubaki gamba wala punje, akayatia kwenye kidumu. Mafuta hayo huuzwa nusu ya bei ya dukani, na mteja wake wa siku zote alikuwa Flora, anayekaanga maandazi ya jioni. Alikitua kidumu mlangoni kwa Flora, akaenda bafu la nje kuvua nguo za kazi kama ilivyoandikwa. Ndipo akaanza kunawa.

Saa kumi kasoro robo aliepua ugali. Gati alikuwa kwa Flora, akaitwa, akaja mbio. Alinawa, akakaa mkekani, akamega tonge la kwanza, akachovya kwenye maharage. Tonge la tatu alilirudisha sahanini.

"Bibi, mdomo unawasha."

"Maharage ya moto hayo. Puliza."

"Hapana. Unawasha ndani."

Selestina alimgeuzia uso kwenye mwanga. Mdomo wa juu ulikuwa umenenepa. Shingoni palikuwa na baka jekundu lenye ukubwa wa jani la mchicha, na wakati anatazama likatokea la pili.

Hakupiga kelele. Alikifuata chakula kichwani tangu mwanzo. Maharage: aliyachambua mwenyewe. Maji, chumvi, nyanya mbili, kitunguu. Mafuta ya chupa ya Sara. Sufuria mpya, mwiko mpya. Mikono: mara tatu. Kila kitu kilikuwa sawa, na mtoto alikuwa anavimba.

Alimnywesha dawa ya maji. Gati alikohoa, sehemu ya dawa ikatoka. Alipojaribu kusema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, yenye mikwaruzo.

"Flora! Umempa nini mtoto?"

"Mimi?" Flora alitokea na uma wa kugeuzia maandazi mkononi. "Sijampa kitu! Andazi tu, mama. Hata halikuwa zima. Lile karatasi nililisikiaga, andazi halimo!"

"Mwite Clementi. Alete pikipiki."

Clementi hakuulizia nauli. "Bi mkubwa, mweke katikati, mshike kichwa," alisema, wakaondoka wote watatu juu ya kiti kimoja. Njia nzima Selestina alikuwa ameegesha sikio kwenye mgongo wa mtoto. Kila pumzi iliingia kwa mlio mwembamba, kama filimbi inayopulizwa mbali. Kilichomtisha hasa hakikuwa mlio. Ni nafasi kati ya mlio na mlio.

Kwenye kituo cha afya tabibu Hezron alimtazama Gati mara moja tu, akafungua kabati. Sindano iliingia ubavuni mwa paja. "Ile ya maji inatuliza mwasho," alisema bila kugeuka. "Koo inalifungua hii." Akamwekea mtoto oksijeni, akatazama saa.

Selestina alitazama kifua. Hakuomba, aliona kuomba kutamfanya afumbe macho. Dakika ya nne mlio ulikuwa palepale. Dakika ya saba ulipungua. Dakika ya kumi na moja Gati alilia kwa sauti yake mwenyewe, akisema sindano inauma, na Selestina aligundua kuwa alikuwa ameushika ukingo wa kitanda hadi vidole vimekufa ganzi.

Flora alifika kwa miguu, jasho likimtiririka. Tabibu alichukua kadi.

"Alikula nini?"

Selestina alitaja chakula chake chote, kimoja kimoja. Flora akataja andazi.

"Andazi lina nini?"

"Ngano, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu."

"Limekaangwa na nini?"

Flora alifungua mdomo, akamtazama Selestina, akashusha macho. "Na mafuta, daktari. Mafuta ya kawaida."

Hapo ndipo Selestina alipojua. Alikiona kidumu mlangoni, na mkono uliokitua. Karatasi ya Sara aliifuata yote, lakini aliifuata ndani ya kuta zake tu. Mlangoni kwake iliishia.

Tabibu aliandika: *Ngano?* Akaipigia mstari chini. "Msimpe ngano kwa sasa. Mkate, chapati, maandazi, vyote muache mpaka apimwe."

Selestina hakusema neno. Alijua maana ya ukimya wake. Mtoto angenyimwa mkate asio na ugomvi nao, na kidumu kingeendelea kuvuka ua siku zote za kazi. Alijua pia kuwa, kwa kadi ile, hakuna ambaye angemlaumu yeye.

Sara, aliyekuwa amepigiwa simu, alifika jua likiwa bado juu ya ziwa, na vumbi la njia ya Bunda kwenye viatu. Alimkagua mtoto kwanza, ulimi, shingo, tumbo, kisha akaisoma kadi.

"Ngano? Huyu anakula mkate tangu ana mwaka mmoja."

"Ni andazi langu, mwalimu," Flora alidakia. "Mimi ndiye nimekosa. Nisamehe."

"Andazi lako lilikuwa na nini?"

"Mama Sara, ngoja nimweleze..."

"Nyamaza, Flora," Selestina alisema. "Mafuta ni yangu. Nimekaangia samaki tangu asubuhi, nikayachuja, nikamuuzia. Namuuziaga miaka yote. Mtoto amekula samaki wangu."

Tabibu Hezron, aliyekuwa anapita, alisimama, akachukua kadi mkononi mwa Sara. "Kitambaa hakichuji kile cha samaki kinachomdhuru," alisema. "Wala moto wa karai haukimalizi." Akakata neno alilokuwa ameandika, akaandika jingine juu yake.

Flora alitoka nje. Sara alibaki amekaa kwenye benchi, begi lake pembeni. Hakulia wala hakufoka, na Selestina angependa afoke.

"Kesho asubuhi atakula nini?" Sara aliuliza.

"Viazi vitamu. Vya kuchemsha."

"Kwenye nini?"

"Sufuria yako."

"Maji unachota wapi?"

"Bombani."

"Kwa ndoo gani?"

"Ya bluu."

"Hiyo ya bluu haijawahi kwenda mwaloni?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kama majibu yake yote. Selestina alilizuia. Aliifuata ndoo ile kichwani, kutoka bombani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi wiki iliyopita, hadi kiangazi, siku ile ndoo yake ya kazi ilipopasuka, na hapo akakwama: hakukumbuka alibeba ipi badala yake.

"Sijui," alisema.

Sara alimgeukia. Hakusema lolote kuhusu Dodoma. Alilinyanyua begi kutoka kwenye benchi, akaliweka sakafuni.

"Kaa, mama," alisema. "Tuanze na ndoo."