Ufa wa Bibi Nyusi

Mimi ni fundi mwashi, na nikiona ufa sipati usingizi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" nimeisema mpaka mbele ya wakwe, na shemeji zangu wakanibandika jina la Ziba.

Mke wangu alipenda hondohondo wadogo waliokuja kila asubuhi kwenye mti mbele ya dirisha la jikoni, saba kwa jumla. Walikuwa na rangi ya majivu, mikia mirefu, mstari mweupe juu ya jicho, na midomo iliyopinda, mikubwa kuliko vichwa vyenyewe. Dume mmoja mwenye mdomo mweusi mke wangu alimpa jina la Babu Nyusi. Jike wake, mwenye ncha nyekundu mdomoni, akawa Bibi Nyusi.

Siku mke wangu alipoondoka kwenda kumuuguza mama yake, alisimama mlangoni akaniambia habari za Bibi Nyusi. Nilikuwa nachanganya saruji. Nikajibu, "Sawa, mama."

Nilitaka arudi akute ukuta wa jikoni umepigwa lipu. Kazi ikaisha, saruji ikabaki kidogo, na kwetu mafundi saruji haitupwi. Kwenye shina la ule mti nikaona tundu limezibwa kwa udongo, ila ufa mwembamba kama kidole. Nikacheka: nani huyu kaacha kazi njiani? Nikaujaza, nikasawazisha kwa mwiko.

Babu Nyusi akaja na tunda mdomoni, akawa anagonga pale pale. Siku tatu. "Nenda zako, Babu, imeshakauka hiyo!" nikamtania.

Siku ya nne mke wangu akarudi. Hata begi hakulitua.

"Nani kaliziba hili?"

"Mimi. Saruji ilibaki."

"Baba, si nilikwambia Bibi yumo ndani analea? Hujifungia mwenyewe, mumewe anamlisha kwa ule ufa. Ukaniambia sawa!"

Nikakimbilia nyundo na tindo. Saruji yangu ilikuwa ngumu, na siku hiyo niliulaani mkono wangu. Bibi Nyusi alikuwa ndani, manyoya ya mabawa yamempukutika, makinda mawili chini yake. Wote walikuwa baridi.

Mke wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kesho yake Babu Nyusi alitua kwenye tundu, akaingiza tunda, akangoja. Niliona aibu kumtazama.

Siku hizi mke wangu akianza kuniambia jambo, naweka mwiko chini, namwomba arudie nisikie vizuri. Naye hunijibu, "Basi, si kitu."